Kayaki Magarini: Kabla ya kumfuata nguru, jifunze kuanguka

Ukiingia Instagram ukatafuta kayaki Pwani, utapewa picha ileile kila mara. Mrembo wa Nairobi, miwani ya jua, yuko katikati ya mikoko ya Mida au kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, maji yametulia kama chai kikombeni, na kafi ameliinua juu kama kombe la ligi. Picha poa. Lakini haina upepo, haina mkondo, na haina hata samaki mmoja. Mimi nataka tuongelee kayaki nyingine, ile inayotoka alfajiri kwenda kuvua na kurudi kabla jua halijakukaanga. Na nataka tuiongelee Magarini, kule ambako mabasi ya Lamu hupita mbio huku watalii wetu wa ndani wakiishia Malindi na kudhani ufuo umeisha hapo.

Haujaisha. Ukivuka daraja la Sabaki umeshaingia Magarini. Upande wako wa kulia kuna Mambrui, mji mkongwe wa Waswahili, halafu Gongoni na mashamba yake ya chumvi, halafu njia ya kuingia Ngomeni, halafu Marereni. Mbele ya hayo yote ni Ghuba ya Ungwana, maji mapana yenye kamba wengi kiasi kwamba meli za kuburura nyavu na wavuvi wadogo wamegombana humo miaka na miaka. Mwaka 2006 serikali ilizisimamisha meli hizo, zikaja kurudi baadaye. Na ni Ngomeni hiyohiyo yenye yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, ya Waitaliano, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 ndipo iliporushwa hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa hiyo mtu akikuambia Ngomeni ni kijiji tu, muulize kijiji chao kimerusha nini.

Wengi wetu tunaichukulia kayaki kama mchezo wa wageni wa hoteli. Ukweli ni kwamba kayaki ilianza kama chombo cha kazi. Wainuit, watu wa nchi za barafu kaskazini kabisa mwa dunia, waliiunda kwa mbao au mifupa, wakaifunika kwa ngozi ya sili, ili mtu mmoja aweze kumnyemelea mnyama majini bila kelele. Mambo ya likizo na picha yalikuja baadaye sana. Sasa litazame hori la Pwani. Chombo chembamba, mtu mmoja au wawili ndani, kafi mkononi, na safari yenyewe ni ya kutafuta kitoweo. Hivi vyombo ni binamu, tofauti ni kwamba mmoja alizaliwa kwenye baridi.

Tofauti za kiufundi zipo, na ni muhimu. Kayaki nyingi zinazotumika kuvulia siku hizi ni za plastiki, za aina ya kukalia juu. Huingii ndani ya tundu kama kwenye zile za mashindano ya mbio, unakaa juu yake kama unavyokaa kwenye godoro. Ndani ni tupu na imezibwa, kwa hiyo wimbi likikumwagikia, maji yanatoka yenyewe kupitia matundu yaliyotobolewa kutoka juu hadi chini. Hori likijaa maji ni shughuli ya kuteka na kumwaga. Kayaki ya aina hii ikipinduka bado inaelea, na unaweza kuigeuza. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Ubaya wake ni kwamba ni nyepesi na inaelea juujuu, kwa hiyo upepo unaibeba kama mfuko wa karatasi. Ukianguka ukaiachilia, itaondoka kuliko unavyoweza kuogelea, hata kama wewe ndiye bingwa wa shule yenu.

Ndiyo maana somo la kwanza si kupiga kafi. Ni kuanguka.

Mimi nilijifunzia kwenye maji tulivu ya mkono wa bahari, maji ya kufika kifuani, na saa nzima ya kwanza hatukwenda popote. Mwalimu alitaka tuanguke makusudi, kushoto, kulia, kinyumenyume, halafu turudi juu wenyewe. Mara ya kwanza unacheka. Ya nne mikono inatetemeka. Ya saba ndipo unaelewa kwamba kazi hii haitaki nguvu, inataka mpangilio. Ukishaanguka, kitu cha kwanza ni mkono kwenye kayaki, kabla hujapangusa macho. Ikiwa imepinduka, ishike kwa upande wa mbali, ivute ikugeukie. Kisha nyoosha miguu nyuma, uelee kwa tumbo, piga mateke kama mtoto anayejifunza kuogelea, na ujivute hadi kifua kilale katikati ya kayaki. Hapo watu hukosea kwa kutaka kukaa mara moja, wakaanguka upande wa pili. Tulia kwanza kwa tumbo. Geuka ukae kwa makalio. Miguu iwe ya mwisho. Tumbo, makalio, miguu, hata usingizini.

Halafu urudie ukiwa umechoka. Hicho ndicho kipimo chenyewe, kwa sababu baharini huanguki ukiwa umetoka kunywa chai, unaanguka baada ya saa tatu juani, mgongo unauma, na kuna samaki kwenye mshipi.

Sisemi haya kukutisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021 pekee, na wengi walikuwa watoto na vijana. Kuishi kando ya bahari si sawa na kujua kuogelea, na mtu yeyote aliyekulia Pwani anamjua jirani ambaye maji yakifika magotini anarudi. Kwa wasichana ni vigumu zaidi, maana wengi waliambiwa tangu utotoni kwamba baharini si mahali pao. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulitatua hilo kwa njia rahisi: wanawake wakawafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Picha zao zilipigwa na Anna Boyiazis zikashinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Sioni sababu jambo kama hilo lisifanyike Mambrui. Bahari ni ileile.

Na jaketi la kuokoa maisha livaliwe. Livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti. Najua jua la saa nne linavyochoma na najua linavyoonekana kwenye picha. Lakini jaketi lililo nyuma ya kiti ni mzigo wa ziada tu, kwa sababu wewe na kiti mtakuwa mmeachana.

Ukishaanguka vya kutosha, kupiga kafi kunakuja haraka. Kafi la kayaki lina bapa pande mbili, na kosa la kila anayeanza ni kuvuta kwa mikono. Baada ya nusu saa viganja vina malengelenge na mabega yamekufa. Nguvu inatoka kiunoni. Unachomeka bapa karibu na vidole vya miguu, unazungusha kifua, unalitoa likifika usawa wa nyonga. Kugeuza kayaki ni kupiga nusu duara pana kutoka mbele hadi nyuma. Kijana aliyezoea hori hapa atakupita, maana mwili wake unajua kusawazika tangu yuko mdogo. Atakachohitaji kuzoea ni bapa la pili tu.

Na kuna jambo lingine atakalokupita mbali sana, ambalo huwezi kulinunua pamoja na kayaki: kuyasoma maji.

Anza na upepo. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba ni kusi, na katikati yake, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka kweli. Mawimbi yanavunjika ufuoni Mambrui na hata wenye mashua wanachagua siku. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali, maji meupe. Katikati ya misimu hiyo kuna tangambili, upepo hauna msimamo na siku nyingi ni shwari. Wachezaji wa kaiti kule Che Shale wanafurahia upepo ukivuma. Mwenye kayaki anafurahia ukilala. Usikubali kufundishwa kayaki ya baharini mwezi wa Julai kwa sababu tu likizo yako imeangukia hapo.

Halafu kuna upepo wa siku. Alfajiri hutoka umande, upepo mwepesi wa nchi kavu unaokwenda baharini. Wavuvi wa matanga wameutumia tangu enzi za mababu: unakutoa asubuhi, na baadaye upepo wa bahari unakurudisha. Kwa kayaki, umande ni rafiki mwenye hila. Kwa kuwa unatoka bara, maji ya karibu na ufuo huwa yamelala kabisa. Unatazama unasema leo ni dimbwi. Unapiga kafi, unaenda kasi, unajiona umepata misuli. Kumbe umesukumwa. Mawimbi yanaanza kule mbele, mbali na kivuli cha nchi, na unayagundua ukigeuka kurudi.

Hesabu yake ni hii. Mtu wa kawaida anapiga kafi kama kilomita 5 kwa saa. Upepo na mkondo vikikusaidia kwa kilomita 3, unakwenda 8, na umbali wa kilomita 4 unaumaliza kwa nusu saa. Ukigeuka, vitu hivyohivyo vinakupinga. Sasa unakwenda 2 kwa saa. Zilezile kilomita 4 ni saa mbili, umechoka, na maji ya kunywa yamebaki robo chupa. Ndiyo sababu wazoefu huanza safari kwa kupambana na upepo, ili ndio uwarudishe nyumbani. Na alfajiri upepo ukiwa ni umande, hawaendi mbali hata kidogo mpaka ugeuke.

Kisha maji yenyewe. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Hiyo ni zaidi ya urefu wa chumba chako. Maji yote hayo yanapaswa kuingia na kutoka kupitia milango ya miamba na midomo ya mikono ya bahari, na yanapita kwa haraka. Siku za maji mafu, mwendo ni wa upole, na ndizo siku za kufundishia mgeni. Ghuba ya Ungwana haina kina karibu na nchi, kwa hiyo ukitoka maji yamejaa ukarudi yamekupwa, kayaki yako yenye uzito wa kilo 30 utaibeba kwenye matope. Wazee hawahitaji programu ya simu kujua haya, wanahesabu tarehe za mwezi. Wewe tumia programu, lakini muulize mzee pia. Bahari haishi zinge, na programu haijui zinge liko wapi.

Kuhusu mdomo wa Sabaki nitasema kwa ufupi: usiende. Mto huo unatoka mbali, ndio huohuo Athi unaopita karibu na Nairobi, na ukishanyesha huko juu unashusha udongo mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi ya kahawa ya maziwa. Huoni kilicho chini yako. Na kilicho chini yako huenda ni kiboko au mamba, wote wapo. Ndege ni wengi na wazuri ajabu, nenda ukawatazame kwa miguu. Kwa kujifunza kayaki, maji yaliyokingwa na rasi ya Ngomeni, kando ya mikoko, yanatosha kabisa.

Haya, samaki.

Njia inayokwenda vizuri zaidi na kayaki ni kurambaza, yaani kuburuta mshipi wenye chambo au samaki bandia nyuma yako huku ukipiga kafi. Mwendo wa kayaki ni wa pole na hauna kelele ya injini, na huo ndio utamu wake. Nguru anakuja, kolekole anakuja, mzia anakuja kukuharibia chambo. Nguru na mzia wana meno ya kukata, kwa hiyo mbele ya ndoana weka kipande cha waya, la sivyo utakuwa unawagawia ndoana bure. Ukiwa juu ya miamba unaweza kutia nanga na kushusha mshipi wa mkono wenye chubwi, utafute changu na tewa. Hapo kuna sheria moja ya kayaki: kamba ya nanga isifungwe ubavuni kabisa. Ifungwe mbele au nyuma. Mkondo ukivuta kamba ya ubavuni, kayaki inalala upande, na tunarudi kwenye lile somo la tumbo, makalio, miguu.

Samaki mkubwa akishika, hapo ndipo watu hupagawa na mchezo huu. Kwenye boti la injini unasimama imara unazungusha. Kwenye kayaki, samaki anakuvuta na chombo chako. Unaenda anakotaka yeye. Mwelekeze fimbo mbele, kayaki imfuate kama mbuzi anayeenda sokoni, na akichoka kukuburuta amechoka kweli. Ukimwacha avute kwa ubavu, amekupindua. Na jua ni nani unayemkaribisha mapajani. Taa ana mwiba. Bunju, yule anayejivimbisha, ana sumu inayoua na haliwi. Papa mdogo naye bado ni papa. Koleo, kisu na kitambaa kizito vyote viwe vimefungwa kwa kamba, maana kila kisichofungwa kwenye kayaki ni sadaka kwa bahari.

Sasa tuje kwenye mashindano, na hapa nina maneno.

Pwani hii ina jina kubwa duniani kwa mashindano ya uvuvi. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Watamu na Malindi zina maboti yanayowinda sulisuli msimu wa kaskazi, na tangu mwaka 1990 shirika la African Billfish Foundation, lenye makao Watamu, limekuwa likisimamia kuwafunga alama samaki hao na kuwaachilia ili wajulikane wanakokwenda. Ni kazi nzuri. Lakini kuingia mchezo huo kunahitaji boti, injini, mafuta na nahodha. Kijana wa Gongoni anaingia kama baharia wa kukata chambo. Akibahatika.

Kayaki inageuza hesabu hiyo. Haina mafuta. Mtu mmoja, chombo kimoja. Mashindano ya dunia ya kampuni ya Hobie, yaliyoanzia Australia mwaka 2011, hupima samaki kwa urefu, si kwa kilo. Unamshika, unamlaza kwenye ubao wenye vipimo mdomo ukigusa ukingo, unampiga picha pamoja na kitambulisho cha siku hiyo ili usije ukaleta picha ya mwaka jana, kisha unamrudisha majini akiwa hai. Mwisho wa siku zinajumlishwa sentimita. Hakuna mizani, hakuna rundo la samaki linaloozea juani huku watu wakipiga hotuba. Unachohitaji ni ubao, simu na uaminifu.

Wazo zuri. Lakini huwezi kulileta Ngomeni lilivyo, halafu ushangae watu wakikucheka. Kumrudisha nguru wa kilo 8 majini mbele ya watu ambao siku hiyo wangemla au kumuuza ni kama kuokota noti barabarani, kuipiga picha, na kuirudisha chini. Mchezo unaomtaka mtu wa diko atupe mlo wake ili mgeni afurahi hautadumu, na mimi nisingetaka udumu.

Ningeuandaa hivi. Sulisuli, papa na tewa wakubwa wote warudi baharini, bila mjadala, maana hao ni mbegu. Nguru, kolekole na mzia wapimwe, wapigwe picha, na aliyevua awe na haki ya kuuza au kupeleka nyumbani. Kila aina iwe na urefu wa chini, na aliye mfupi kuliko hapo asihesabiwe hata sentimita moja, ili asiwepo wa kuhangaika na watoto. Kayaki ziwe za waandalizi, zote za aina moja, na kila asubuhi zigawiwe kwa kura. Hapo mwenye pesa za kuagiza kayaki ya kukanyaga kwa miguu kutoka ng'ambo hatakuwa amenunua ushindi. Pawe na kundi la hori pia, zipimwe kwa ubao uleule. Natamani sana kuona jedwali hilo la matokeo. Dau langu ni kwamba hori zingeaibisha plastiki.

Na saa ya kurudi iwe sheria ya chuma. Ukichelewa dakika moja, sentimita zako zote zimefutwa. Samaki anayeua watu ni yule wa mwisho, yule anayeshika wakati upepo umeshageuka na wewe ulikuwa umesema unamalizia. Jaketi likivuliwa hata mara moja, umetoka. Watu waende wawiliwawili, na kila jozi iwe imeonyesha ufuoni, siku moja kabla, kwamba mmoja anaweza kumrudisha mwenzake kwenye kayaki iliyopinduka: unaipandisha pua ya kayaki yake juu ya yako, maji yanatoka, unaigeuza, unaibana kwa mikono miwili naye anapanda. Ni dakika mbili mkijua. Msipojua ni asubuhi nzima.

Kuna karatasi pia, pole. Kwenye mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakuna kuvua, hata kwa kayaki, hata kwa ndoana moja. Nje ya hapo kila diko lina BMU, kamati ya wavuvi wenyewe, na kabla hujaitisha kundi la watu kuvua kwenye maji yao unaenda kubisha hodi. Si kwa sababu ya sheria pekee. Ni wao watakaokuja kukutafuta ukipotea, kwa mafuta yao.

Hapo ndipo naona kazi ya vijana wa Magarini. Mgeni anayetaka kuvua kwa kayaki hahitaji mtu wa kumbebea kafi. Anahitaji mtu anayejua bamvua ni lini, mlango wa mwamba uko wapi, umande unageuka saa ngapi, na ambaye akiona mgeni ameanguka atamrudisha juu kwa dakika mbili. Nusu ya kwanza ya ujuzi huo tayari iko Ngomeni, inakaa chini ya miembe inashona nyavu. Nusu ya pili ni wiki chache za mazoezi, pamoja na jinsi ya kumwamsha mtu aliyekunywa maji. Haihitaji gredi ya KCSE. Mimi niliyeacha chuo katikati naipenda sana sehemu hiyo: kwenye kayaki hakuna anayeuliza ulimaliza wapi, wanaangalia unavyopanda.

Tatizo ni vifaa. Kayaki mpya ya kuvulia si bei ya simu, na jaketi la maana si lile jembamba la rangi ya chungwa lililokatika mikanda. Mtu mmoja hawezi. Kundi la vijana kumi kwenye chama linaweza kuanza na kayaki mbili, moja ya mwalimu, nyingine ya mwanafunzi, majaketi manne, na kamba. Zile za hoteli zinazobadilishwa kila baada ya misimu kadhaa zinaendelea kuelea vizuri tu, zina mikwaruzo. Ningeanza kuulizia huko kabla ya kuandikia mfadhili barua.

Kusi likishalegea, Oktoba kwenda Novemba, tafuta wiki ya maji mafu na mtu wa Ngomeni atakayekubali kukufundisha. Beba lita tatu za maji, kofia yenye kamba ya kidevuni, shati la mikono mirefu, na nguo kavu uziache ufuoni. Simu iwe kwenye mfuko usioingia maji, imefungwa kwenye jaketi, isifungwe kwenye kayaki. Mwambie mtu wa nchi kavu saa utakayorudi. Na usile sana asubuhi, maana saa ya kwanza yote utakuwa majini.